Majeki ya Boti Yetu na Jina la Odongo

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya mafuta yaliyokuwa yakipotea. Boti ya kikundi chetu cha kina mama, ile inayovusha watu kutoka kisiwani hadi Mbita, injini yake iko ndani na mguu wenye propela uko nje kwa nyuma. Mguu huo huinuliwa na majeki mawili, nayo husukumwa na mafuta kutoka kwa pampu ndogo. Boti ikikaribia ufuo, mguu huinuka usichimbe mchanga. Sasa ulikuwa umekataa kuinuka. Wagonjwa na wajawazito walikuwa wakishukia mbali, maji kiunoni, wengine wamebebwa mgongoni kama magunia.

Odongo, dereva wetu wa boti, alisema anaongeza mafuta ya majeki kila wiki na kila wiki kitangi ni kitupu. Tukatazama ndani ya boti, hakuna hata tone. Kina mama wakasema, basi anayauza. Wakamnyang'anya ufunguo mbele ya watu, pale pale ufuoni.

Mimi sikusema ni mwizi, wala sikusema si mwizi. Nilisema majeki yafunguliwe yapelekwe kwa fundi, na neno la fundi ndilo litamrudisha Odongo au litamfukuza. Wakaniambia niende mimi, kwa sababu mimi simhurumii mtu. Odongo mwenyewe aliyafungua, akayafunga kwenye gunia, akanipa bila kunitazama. Mkewe alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni, macho yamejaa. Nikamwambia, "Usinililie mimi. Chuma ndicho kitasema."

Asubuhi ya safari nilivuka kwa mtumbwi wa wavuvi, na kondakta wa basi pale Mbita alitaka gunia liende chini pamoja na ndizi na kuku. Nilikataa. Nikaliweka chini ya miguu yangu, likakaa hapo mpaka Nairobi. Tulipopita Kericho kwenye baridi ya majani chai, mama niliyekaa naye aliniuliza nimebeba nini kizito hivyo. Nikamwambia ni kesi. Akauliza ni kesi ya nani. Nikamwambia ni ya kijana wa watu. Tulipofika Nakuru alininunulia chai.

Jioni basi lilitushusha katikati ya mji. Binti yangu Akinyi alinipokea, tukaenda Muthangari, anakopika katika nyumba ya watu na kulala katika chumba cha nyuma. Aliona gunia akafurahi. Alipolifungua, furaha ikaisha. "Mama, umetoka ziwani na vyuma, bila samaki, hata omena?" Nikamwambia omena haitembei wakati boti imesimama, na awashe jiko tule kilichopo.

Kesho yake tulikwenda Dagoretti Corner, kwa fundi ambaye Akinyi alikuwa ameelekezwa. Anaitwa Mutua, Mkamba wa Machakos, na kazi yake ni majeki ya malori ya mchanga. Aliyapokea yale yetu, akayageuza kama mtu anayenunua kuku.

"Shosh, hii imetoka kwa gari gani?"

"Si gari. Ni boti. Na mimi si shosh, kwetu bibi tunamwita dani."

"Boti? Mimi boti nimepanda ile ya bwawa ya Uhuru Park peke yake, na hata hapo nilitapika."

"Basi usitapike juu ya hii."

Akacheka, akaanza kufungua. Mafuta yaliyobaki ndani yalitoka meupe, kama chai yenye maziwa mengi. Akasema hayo yameshika maji. Kisha akavuta ile fimbo ya chuma inayoingia na kutoka ndani ya jeki, akaipangusa, akaniambia nipitishe kucha juu yake kwa upole. Kucha yangu ikakwama, ikakwama tena. Kulikuwa na mikwaruzo midogo midogo mwili mzima, na ndani ya mikwaruzo kutu imeanza.

Akaniuliza boti inaoshwa na nani. Nikamwambia ni sisi kina mama, kila Jumamosi tukiimba, kwa mchanga na jivu kama tunavyoosha sufuria. Zile fimbo ndizo tunazozipenda zaidi, tunazisugua mpaka unaona meno yako. Mutua akaweka spana chini.

"Dani, hapo ndipo mafuta yenu imeenda. Hii chuma inapita kwa mpira ya kuzuia mafuta. Mkiikwaruza na mchanga inakuwa kama msasa, inakata mpira. Mkiinua mguu, mafuta inatoka inaenda kwa ziwa. Mkishusha, maji inaingia."

"Na kijana wetu?"

"Huyo alikuwa anaongeza tu. Hana makosa. Angetaka kuuza kitu angeuza petroli. Hii hata mandazi haikaangi."

Nikakaa juu ya tairi. Nilikumbuka rangi rangi niliyokuwa nikiiona juu ya maji nyuma ya boti, nami nikidhani ni ya injini. Nilikumbuka pia kina mama wenzangu wameinama na nyimbo zao. Hatukuwahi kuwa na kitu kikubwa hivyo chetu wenyewe, ndiyo sababu tulikisugua hivyo. Sikuwa na hasira na mtu. Nilimwonea huruma Odongo, nikatuonea huruma sisi pia.

Mutua alisema fimbo zipakwe upya kromu, ile ngozi yake inayong'aa, na hiyo si kazi ya siku moja. Tulipokuwa tukingoja, Akinyi alinipeleka mjini kwenye maduka ya vipuri kutafuta mipira mipya. Muuzaji wa kwanza alinipa inayofanana kwa macho. Nikatoa ile ya zamani kwenye leso, nikailinganisha, nikamrudishia yake. Akaniuliza kama nimesomea ufundi. Nikamwambia nimesomea kununua samaki, huwezi kuniuzia wa jana.

Fimbo ziliporudi kutoka kwa wapaka kromu, Mutua aliyaunga majeki, akayajaribu kwa pampu yake. Chini akaweka kartoni kavu. Tukanywa chai, kartoni ikabaki kavu. Akanifundisha kama anavyofundisha madereva wake: mafuta yaongezwe mguu ukiwa umeshuka kabisa, na yawe ya aina ile ile. Mguu uinuliwe na kushushwa mara kadhaa hewa itoke. Mafuta yakiwa meupe yamwagwe yote, si kuongeza juu yake, wala yasimwagwe ziwani. Fimbo zioshwe kwa maji safi na kitambaa laini. Boti ikilala, mguu ushushwe ili fimbo zilale ndani ya majeki. Na mtu asiingie chini ya mguu ulioinuliwa bila kuuwekea mti wa kuuzuia. Nilimrudia yote, akanisahihisha mahali pamoja.

Niliporudi kisiwani, kina mama walikuwa wamekusanyika kwenye banda la samaki. Nikaitoa mipira iliyokatika, ikapita mkono kwa mkono. Nikasema ni mchanga wetu uliofanya hivyo, pamoja na wangu. Mweka hazina, aliyekuwa amefunga ufunguo kwenye pindo la leso, akasema mtu atumwe amwite Odongo. Nikasema hakuna kutuma. Ufunguo ulichukuliwa mbele ya watu, utarudishwa mbele ya watu.

Tukaenda sote kwake. Alikuwa akishona nyavu za mtu mwingine, na alipoona ufunguo hakunyoosha mkono.

"Fundi alisema nini, dani?"

"Alisema huna makosa."

"Sema tena. Mke wangu yuko ndani."

Nikasema tena, kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia. Mkewe akatoka. Odongo akaupokea ufunguo, akaufumbata mkononi, akaomba gunia la majeki akayarudishe kwenye boti.

Nimewaandikia haya ninyi wa ng'ambo ya ziwa mliosikia kwamba dereva wetu ni mwizi. Nilichojifunza Nairobi ni hiki: kitu kikipotea, tazameni kwanza mikono yenu mliyokipenda nayo. Na sasa mguu unainuka. Mkija kwetu, mtashuka na viatu vyenu.