Chuma Kwenye Pakiti ya Unga

Mwenzenu bado nainamisha kichwa nikipita getini. Kwenye kiwanda chetu cha unga hapa Ibadakuli, mimi ndiye nakaa kwenye mashine ya eksirei inayomulika pakiti zilizofungwa, tusije tukamlisha mtu msumari.

Juzi, kwenye pakiti moja, skrini ilionyesha nukta nyeusi. Chuma! Nikazima mkanda unaopitisha pakiti, nikapiga kelele, "Msipakie!" Lori la kwenda Geita lilikuwa tayari mlangoni.

Msimamizi wetu, Mama Kulwa, akaja mbio. "Una uhakika, mwanangu?"

"Kabisa, mama. Kinu kimemeguka!"

Mafundi wakaanza kukifungua kinu. Mimi nikachana ile pakiti, nikachekecha unga mpaka nikawa mweupe hadi kope. Sikuona kitu. Au nimechana pakiti siyo, chuma kimeshapita kwenye nyingine?

Mama Kulwa akaokota pakiti tupu, akaigeuza, akabandua chini yake kadi ndogo yenye punje ya chuma. Ndiyo tunayobandika kwenye pakiti moja kila asubuhi kujaribu kama mashine inaona vizuri, kisha tunaitoa.

"Leo nani alijaribu mashine?"

Mafundi wakanigeukia, spana mikononi.

"Shikamoo, mama," ndilo neno pekee lililonitoka.