Boti Iliyowahi Kuvundikiwa Pombe

Skolastika alinunua boti ya tanga Kasulu, mji usio na ziwa. Hilo peke yake lingetosha kumzindua, lakini hasira zilimjaa. Mumewe Bilago alimwacha baada ya miaka ishirini na miwili, akahamia kwa mwanamke wa ufukweni Kigoma, akidai mke wa milimani hajui chochote zaidi ya maharage. Sasa Skolastika alitaka jambo moja tu: apite mbele ya nyumba yao akiwa kwenye boti yake.

Boti hiyo iliachwa na daktari mzungu, kisha mpika pombe aitwaye Evelina akavundikia humo pombe ya ndizi. Mpaka leo ilinuka harusi. Ilikuwa na ufa chini, naye Evelina alikuwa ameuziba kwa ndani, kwa matambara na nta.

"Haivuji?" Skolastika alimuuliza Evelina.

"Ijaze maji mwenyewe, dada."

Akaijaza ndoo arobaini. Halikutoka hata tone. Akaipakia kwenye lori hadi Kigoma, ziwani.

Mvuvi mmoja alimfundisha siku tatu. Siku ya nne akatweka tanga peke yake, akamwona Bilago barazani, akanyoosha shingo kama bibi harusi. Hapo maji ya ziwa yakakisukuma kizibo, kikamwangukia miguuni. Evelina alikiweka kizuie maji ya ndani. Ya nje hakuna aliyeyafikiria, wala mnunuzi mwenye akili zake.

Boti ikazama, akabaki amesimama, maji kifuani, ameshika mlingoti.

"Mama Neema!" Bilago aliita. "Umefuata nini huku?"

"Nimekuja kukuonyesha boti yangu."

"Iko wapi?"

"Nimeisimamia."