Sanduku Moja la Bibi Yangu

Masomo nilisoma miaka miwili tu. Nyumba yangu ya mabati hapa Nchelenge niliijenga na samaki, hakuna mutu alinisaidia. Mujukuu wangu anasema mwalimu aliwafundisha mambo ya nguvu na uzito. Bon, miye niliyasoma mu njia ya soko, na mwalimu alikuwa bibi yangu, mama ya watoto wangu.

Huku ku ziwa, musukumaji wa kigari anapewa masanduku mawili ya samaki na barafu. Mikono miwili, masanduku mawili. Ukimupa moja, watu wanakuita mujinga.

Asubuhi moja, minibasi ya Mansa, kule mwisho wa soko, ilibakiza nafasi kidogo nyuma. Shofere akatangaza: "Mwenye kufika wa kwanza, njo yeye atapakia." Kule Mansa mama moja mwenye arusi alikuwa amenipigia simu: samaki mbichi leo, ao anatafuta mutu mwingine. Bibi yangu naye, anayeuza samaki zake mwenyewe, alitaka nafasi ile ile.

Nikachukua wasukumaji wawili wa shingo nene. Mikono mine, kwa hiyo masanduku mane, ku kigari kimoja. Bibi akachukua mutu mumoja mwembamba, akamupa sanduku moja.

"Mama, unamupeleka matembezi?" nikamuuliza bibi.

"Sukuma tu, baba."

Mu soko, huyu mbuzi, huyu mama na beseni ya samaki kavu, huyu anasukuma kinga, baiskeli yake. Kila hatua unasimama, kila hatua unaanza upya. Wangu kuondoka tena ilikuwa vita: wanainama, wanapiga kelele, gurudumu linazunguka polepole kama mutu anaamuka na homa. Yule mwembamba anasukuma mara moja, kigari kinaruka. Kuliko musukumaji mumoja na masanduku yake mawili, nguvu niliongeza mara mbili, ni kweli, mais uzito nao niliongeza mara mbili. Faida yake nini? Hakuna.

Bibi akanipita hapo wanapouza vitumbua. "Baba, uko unahamisha nyumba?"

Nikaona moto. Nikashusha masanduku matatu, nikamuachia mama wa vitumbua ayachunge.

"Muzee, sasa tunasukuma upepo?" musukumaji mumoja akauliza.

"Sukumeni!"

Mikono mine juu ya sanduku moja! Kigari kikaruka, wakaanza kukimbia, miye nyuma yao nikishika suruali. Tulimupita bibi pale mbuzi walimuziba njia. Tukafika wa kwanza.

Shofere akapakia sanduku langu. Akaangalia nafasi iliyobaki, akapakia la bibi. Basi, pakajaa.

Bibi akafunga kitambaa chake kichwani taratibu. "Na yale matatu mengine, baba? Yangekaa ku magoti ya shofere?"

Mama wa arusi alipata samaki yake mbichi. Yale matatu tuliyakausha na moshi nyuma ya nyumba, bibi akicheka mpaka machozi, akisema ni moshi. Sasa musukumaji wangu anapata sanduku moja. Wa ku ziwa wanacheka, lakini wanacheka wakiwa nyuma yangu.