Akina Mama wa Mazoezi na Albamu ya Pili

Albamu ya kwanza ya mdogo wangu na mwenzake ilipendwa na watu ambao wao wenyewe hawakuwatarajia: akina mama wa mazoezi. Kila Jumamosi asubuhi akina mama hao hukusanyika kwenye kiwanja kilicho nyuma ya nyumba zetu, mtaani Mowlem jijini Nairobi, leso kiunoni juu ya suruali za mazoezi, wakaruka mpaka vumbi likatimka. Mwalimu wao, karani mstaafu mwenye filimbi shingoni, alisema mdundo ule ulitengenezewa magoti. Mdogo wangu na yule kijana mwenzake hutengeneza muziki wao kwa kompyuta, katika chumba cha kijana huyo kule Dandora, na hawakuwahi kufikiria magoti ya mtu. Lakini mtaani wakaanza kuitwa "wale wa mazoezi," na jina wakalipokea kwa furaha.

Albamu ya pili ilikuwa jambo lingine. Mdogo wangu alikuwa amechoka na muziki wa kurukaruka. Alirekodi lango la ploti yetu likikwaruza, maji yakijaa kwenye mtungi, na mama yetu akipepeta mchele. Akaviunganisha, kisha ngoma akaiweka nyuma kidogo ya pale sikio linapoitegemea. Mwenzake alikubali shingo upande.

Ilipotoka, nilipita nikiuliza watu, maana siwezi kuona jambo nikanyamaza. Kinyozi wetu alisema ameisikiliza yote na bado anangoja ianze. Msichana wa duka la simu alisema ilimliza, kisha akanionyesha anavyoicheza akiwa amekaa. Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa amempelekea fundi spika yake, akidhani imeungua.

"Umeona?" mwenzake alimwambia mdogo wangu. "Tumeharibu. Tuitoe mtandaoni, turudi kwa mdundo wetu."

"Tuitoe kwa sababu ya kinyozi?"

"Basi akina mama waamue. Wakiicheza, ibaki. Wakiitisha ile ya kwanza, hii naitoa mwenyewe."

Mdogo wangu alikubali upesi mno. Jumamosi ilipofika alinishika mkono tangu mlangoni, na hata tulipofika kiwanjani hakuuachia.

Ilikuwa asubuhi safi, moshi wa jaa la taka la Dandora umeelekea kwingine. Mwalimu akapuliza filimbi. Spika ikatoa mkwaruzo wa lango, na akina mama wote wakageuka kutazama nani anaingia. Kiwanja hicho hakina lango.

Yakafuata maji. "Mwalimu, kuna bomba limepasuka?" mmoja akauliza. Ngoma ilipofika, nusu yao walikuwa wamesharuka na nusu ndiyo kwanza wanaruka. Wakagongana vifua, wakashikana, wakacheka hadi kukaa chini.

"Zima hiyo kitu!" Huyo alikuwa mama mmoja anayefanya kazi kiwandani, mtu wa magharibi mwa Kenya, mwenye sauti ya kushinda mashine. "Mnataka tuvunjike miguu? Rudisha ile yetu!"

Yule kijana mwenzake akaanza kwenda kwenye spika. Mdogo wangu alitazama viatu vyake.

"Ngoja," akasema shosho mmoja, bibi mzee kutoka Ukambani, mkubwa kuliko wote pale. "Mimi naipenda. Inanipa nafasi ya kupumua."

"Shosho, unaipenda kwa sababu hujaruka!"

"Nimeruka. Nimeruka kwa ndani."

Kicheko kikalipuka. Mama wa kiwandani hakukubali kushindwa hivyo. "Rudia, nimwonyeshe shosho mahali imeharibika!"

Ikarudiwa. Akasimama katikati, kidole juu, mabega yamepanda mpaka masikioni. "Bado... bado... bado... hapo!" Mabega yakashuka pamoja na ngoma, yakatikisika, yakapanda tena. "Umesikia? Imechelewa!"

"Sijasikia," akasema shosho. "Rudia tena."

Safari hii waliokuwa upande wa mama wa kiwandani walijipanga nyuma yake ili kuthibitisha kosa. Vidole vikainuka. "Hapo!" wakapaza sauti kwa pamoja, na safu nzima ya mabega ikashuka. Mwalimu alijisahau, akaanza kupuliza filimbi kwenye kila "hapo." Wachache walivua viatu wakaketi pembeni, wakisema wamekuja kupunguza uzito, si kusikiliza watu wakipepeta mchele.

"Mama, si sasa unacheza?" yule kijana akauliza.

"Nacheza nini? Nakuonyesha makosa yenu!"

Mwishowe waliitisha ile ya kwanza. Wakawekewa, wakairuka vizuri kama kawaida. Mdogo wangu akaniachia mkono. Kwa masharti waliyowekeana alikuwa ameshindwa, na aliyajua masharti hayo kuliko mtu yeyote.

Mazoezi yalipoisha, mama wa kiwandani alimjia yule kijana akiwa amelowa jasho, akamnyooshea simu. "Nitumie ile mbaya."

"Ile mbaya?"

"Nataka niichukie vizuri nikiwa nyumbani. Hapa kuna kelele."

Nyuma yake shosho alikuwa tayari anapekua kifuani akitafuta simu yake, na mwalimu nyuma ya shosho. Mwenzake alimtazama mdogo wangu, kisha akawageukia akina mama.

"Nani mwingine anataka ile mbaya?" akapaza sauti.

Mikono ikainuka, hata wa mmoja wa wale waliovua viatu. Kijana akaketi kwenye nyasi, akaanza kutuma.