Bi Dalal na Gari Iliyokuwa Ikikata

Mzee Hamed alikuwa na duka la kutengeneza redio Mkunazini, mjini Unguja, na watoto wawili. Muhannad, mkubwa, alikwenda Maskati akiwa kijana na kujishughulisha na vitambaa. Dalal alibaki, na kazi ya baba yake ikamwingia mwilini. Ilipofika mwaka 1985 macho ya mzee yalikuwa yameshapungua, na redio zote zilizopita pale dukani zilifunguliwa na kufungwa kwa mikono ya Dalal, ingawa wateja waliendelea kusema wamezipeleka kwa Hamed.

Mzee alipofariki, baadhi ya watu walidhani duka litafungwa. Dalal alikaa na huzuni yake ndani ya nyumba siku chache, kisha akatoka, akafungua milango, akavaa miwani yake na kushika kazi. Mwanamke fundi redio lilikuwa jambo geni kwa wengi, lakini redio zilirudi kwa wenyewe zikisema, na wakazoea.

Miaka ya tisini ilipokuwa ikimalizika, kazi ilikauka. Redio mpya zikawa rahisi mno, ikiharibika moja inatupwa. Siku nyingine Dalal alikuwa akifunga jioni bila ya kuwasha pasi yake ya kulehemu. Muhannad akapiga simu kutoka Maskati.

"Dada yangu, watu wanalitaka duka lile waweke vinyago vya watalii. Unangoja nini?"

"Nangoja Ramadhani ipite," alisema Dalal. "Baada ya Sikukuu tutazungumza."

Alisema vile ili aikate simu. Mwenyewe hakujua baada ya Sikukuu atakuwa na jibu gani.

Katika siku hizo ndipo alipokuja Usi, fundi wa magari mwenye gereji yake Chukwani. Mkononi alikuwa na mita mpya ya kupimia umeme, ile ya kuonyesha nambari.

"Shikamoo, Bi Dalal."

"Marahaba. Karibu."

"Nimekuletea mita hii uitazame. Nadhani inanidanganya."

Dalal aliipima kwa betri na kwa vipande alivyovijua thamani yake, akamrudishia. "Mita yako nzima. Kipi kilichokutia shaka?"

Usi akakaa kitako. Alikuwa mtu mzoefu, na hakuona haya kusema pale alipokwama. Mwalimu Nahodha wa Chwaka alikuwa na gari ndogo ya Kijapani, ya hizi zinazoingia sasa, zisizo na kabureta, kompyuta ndiyo inayopima mafuta. Gari ile ilikuwa ikikata njiani. Inakwenda vizuri, mara inashtuka kama mtu aliyeshikwa na kwikwi, na pengine inazima kabisa. Wanakijiji wakiugua ndiyo inayowafikisha mjini, na juzi ilizima na mgonjwa ndani. Usi alikuwa ameshabadilisha plagi na chujio la petroli, akasafisha na njia za mafuta. Gari ilibaki vile vile.

"Inakata akikimbia?" aliuliza Dalal.

"Akikimbia haina neno. Akikanyaga kidogo tu, ule mwendo wa pole. Akizidisha mguu inaondoka."

"Mguu ukiwa pale pale kila mara?"

Usi alifikiri. "Naam. Pale pale."

Dalal alinyanyua redio moja kuukuu, akaiwasha na kukizungusha kidude cha sauti taratibu. Sauti ilipanda, ikakwaruza na kupotea, halafu ikarudi.

"Ndani ya kidude hiki mna utepe mweusi wa kaboni," alisema, "na kidole cha bati kinachousugua. Pale watu wanapopenda kuiweka sauti ndipo utepe unapolika. Gari ile haina kitu kinachozunguka namna hii?"

"Ipo sensa," alisema Usi polepole. "Inakaa mdomoni kwa injini, panapoingia hewa. Ndiyo inayoiambia kompyuta mguu umekanyaga kiasi gani. Lakini nimeipima. Mguu ukiwa juu, nambari ndogo. Ukikanyagwa mpaka chini, nambari kubwa. Sawa sawa."

"Na katikati?"

"Zilipanda."

Dalal alivuta mtoto wa meza, akatoa mita ya baba yake, ile ya mshale. "Hiyo yako inasoma, inapumzika, inasoma tena. Kitu kikipotea kwa kitambo kidogo inakiruka. Mshale unaufuata umeme wenyewe, hauruki kitu."

Dalal alikuwa hajapata kugusa gari maishani mwake. Kesho yake alikwenda Chukwani na buibui lake na mkoba wa vifaa, na mafundi waliokuwa wamelala chini ya magari wakatoa vichwa kutazama. Alimwamkia Mwalimu Nahodha, akamwomba akae kwenye usukani. Usi alimwonyesha nyaya tatu za ile sensa, naye akachomeka pini ya mita ya mshale nyuma ya ule unaopeleka habari kwenye kompyuta. Ufunguo ukazungushwa umeme upite tu, injini isiwashwe.

"Kanyaga, Mwalimu. Polepole, kama unayeogopa."

Mshale ulipanda laini mpaka juu. Wakarudia. Ukapanda laini tena.

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Dalal alitamani angebaki na redio zake. Lakini hakuing'oa pini. Alimgeukia Nahodha.

"Ukitoka tu nyumbani, inakata?"

"Hapana. Mpaka niwe nimefika Dunga."

"Basi ishapata moto. Iwasheni, ingurume mpaka ipate moto vizuri."

Wakangoja. Injini ilipozimwa na ufunguo kuzungushwa tena, Nahodha alikanyaga vile vile. Mshale ulianza kupanda, na hapo, mguu ukiwa umekanyaga kidogo tu, ukaanguka chini na kuinuka.

"Umeuona?" aliuliza Dalal.

"Nimeuona," alisema Usi, akainama karibu zaidi. "Rudia, Mwalimu."

Ukaanguka pale pale.

Sensa nyingine haikupatikana Unguja nzima. Dalal aliifungua ile mbovu juu ya kitambaa safi, akaukuta utepe umelika kama alivyodhani, akakisogeza kile kidole kidogo kisugue pembeni palipokuwa bado pazima. Alipomaliza alimwambia Nahodha waziwazi kwamba hiyo si dawa ya kudumu, asiache kuagiza nyingine. Nahodha alikwenda Chwaka na kurudi siku ile ile, gari haikushtuka hata mara moja.

Sensa ilipokuja kutoka Dar es Salaam, iliyotumika, Dalal kwanza aliipasha moto kwa taa na kuipima, mshale ukaanguka, akaikataa. Iliyofuata ndiyo aliyoikubali.

Habari ikapita gereji kwa gereji. Muhannad alipokuja kula Sikukuu alikuta mezani kompyuta za magari zimefunguliwa, na watu mlangoni mikono imejaa grisi. Alikaa kando akamtazama dada yake asubuhi nzima. Suala la vinyago hakulitaja.

Baadaye Usi alimwekea Bi Dalal meza yake Chukwani, chini ya paa, na umeme wake mwenyewe. Alikuwa akienda kila Alhamisi. Mteja akija Jumatatu na gari isiyoeleweka, akamsihi Usi abadilishe tu kitu chochote amalize, Usi humvutia kiti na kumwambia asubiri Alhamisi, kwanza ipimwe.