Nilimfelisha Mpishi wa Uji

Ndugu zangu, nimekosa. Sitasema shetani alinipitia, maana siku hiyo sikumwona popote. Nilikuwa peke yangu na kalamu yangu nyekundu. Jina langu naomba libaki kwangu, ila kama unasaga mahindi hapa Songea na umewahi kuulizwa saba mara nane kabla mzigo wako haujapokelewa, basi unanijua. Usinicheke mpaka nimalize.

Nina mashine ya kusaga na kukoboa. Kwenye kikao cha wazazi, mwalimu mkuu alituomba sisi wafanyabiashara wa mtaani tuwakumbuke wanaofanya kazi shuleni, hata kwa kitu kidogo. Mwenye duka la madaftari akatoa maboksi mawili ya chaki. Mama wa saluni akaahidi kuwasuka walimu wa kike. Watu wakapiga makofi.

Mimi na kupenda sifa! Nikasimama, nikapaza sauti: "Kila Ijumaa, wafanyakazi wote wa shule, kwangu kusaga bure!" Nikapigiwa makofi ya kilo, nikakaa chini nimeumuka kama andazi.

Ijumaa ya kwanza walikuja walimu sita. Safi kabisa. Ya pili wakaja thelathini. Ya tatu foleni ilifika barabarani, na wote walikuwa walimu! Jamani, sikujua kama mji wetu una walimu wengi kuliko wanafunzi.

Dereva mmoja wa bodaboda, jirani yangu kabisa, alikuja amejipaka chaki mpaka kwenye nyusi.

"Wewe unafundisha wapi?"

"Nawapeleka watoto shule kila asubuhi, kaka. Bila mimi hao walimu wangemfundisha nani?"

Mama mmoja akasema yeye ni mwalimu wa ndoa, na wanaume wawili wameshahitimu mikononi mwake.

Hapo ndipo nikapata akili, na nawaambieni, akili nyingine ni heri uzikose. Nikaweka meza mlangoni nikaanzisha mtihani. Swali la kwanza, saba mara nane. Aliyepata, anasaga. Aliyekosa, nauchora mzigo wake X kubwa nyekundu na kuandika AMEFELI.

Niseme ukweli wote. Mimi mwenyewe darasa la saba sikufaulu. Ile kalamu ilinilevya! Miaka yote nimesahihishwa mimi, leo nasahihisha watu. Walimu wa kweli waliona aibu kutahiniwa na mtu waliyemfundisha wakashindwa, wakaacha kuja. Waliofaulu ni matapeli, maana wao walisoma. Yule wa bodaboda alifungua hadi tuisheni nyuma ya mashine yangu.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe.

Ijumaa moja akaja Mama Ngonyani, kiroba cha mahindi kichwani. Huyu ndiye mpishi wa uji pale shuleni, tangu enzi zangu. Nilipokuwa mdogo, kwetu asubuhi hakukuwa na kitu, na yeye alikuwa ananikwangulia ukoko wa sufuria kabla hajaosha. Huyo huyo!

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia watu wa shule ni bure, ndiyo nimekuja."

Ningepokea kiroba, mambo yangeishia hapo. Lakini foleni nzima ilikuwa inanikodolea macho, na mimi nilishatangaza kwamba sheria ni msumeno.

"Saba mara nane, mama?"

Akatua kiroba mezani. "Mwanangu, mimi nahesabu vikombe tu."

Nikachora X. AMEFELI. Kwa mkono wangu huu! Alijitwisha kiroba chake akaondoka, na wa bodaboda akaingia kusaga.

Kumbe mahindi yale hayakuwa yake. Yalikuwa mchango wa wazazi, ya uji wa watoto wetu. Pesa ya kusagia hakupewa, si mimi niliyesema bure? Jumatatu shule nzima ilitafuna mahindi ya kuchemsha, na kiroba kimeegemezwa kwenye ukuta wa jiko, mwandiko wangu unasomwa na kila mzazi anayepita. Watoto wa darasa la kwanza ndio kwanza wanajifunza kusoma. Neno lao la kwanza likawa AMEFELI!

Binti yangu alirudi nyumbani amejishika shavu kwa kutafuna mahindi. "Baba, nani amefeli?" Nilikosa pa kuficha uso.

Jioni ile ile nilikwenda shuleni, nikajitwisha mahindi yaliyobaki mpaka mashineni, X ikiwa mbele kila mtu aione. Nikasaga. Kesho yake, baada ya kupeleka unga, nikamfuata Mama Ngonyani jikoni kuomba msamaha. Hakugeuka.

"Foleni iko kule," akasema, akiendelea kukoroga.

Nikapanga foleni nyuma ya darasa la kwanza, baba mzima, na kikombe cha kuazima. Zamu yangu ilipofika, akaninyooshea upawa.

"Saba mara nane?"

Haki ya Mungu, swali hilo nimeuliza watu mpaka sauti ikakauka. Jibu likapotea lote!

"Hamsini na nne," nikasema.

"Amefeliii!" watoto wakaitikia kwa furaha.

Mama akanijazia kikombe mpaka juu. "Kunywa. Hapa hata aliyefeli anakunywa."

Nililia kwenye uji, ndugu zangu, na sioni haya kusema.

Basi wewe mwenye duka, mwenye gereji, mwenye saluni, nakuonya. Ukitaka kuwashukuru watu wa shule, usiahidi ukiwa umelewa makofi. Kaulize kwanza nani anakoroga uji, nani anafagia, nani analinda geti, kisha toa bila kuweka meza mlangoni. Mimi walimu bado wananisalimia kwa mbali.

Kalamu niliitupa chooni. Ila kiroba kile kingali kizima, na wino wake umegoma kutoka. Kila Ijumaa Mama Ngonyani ananiletea mahindi ya uji humo humo, na AMEFELI yangu imenitazama usoni, nami nakipokea kwa mikono miwili.