Akina Mama Waliokataa Kutoka Ukumbini

Juzi niliona mafundi wakibadilisha vigae vya ukumbi wetu wa zamani kule Maringo, nikakumbuka alasiri ambayo Mama na majirani waliingia humo wamevaa nguo za kanisani. Mlinuka chai ya maziwa. Nilidhani ni harusi. Leo najua walikuwa wamekuja kuuokoa. Nje tingatinga lilinguruma.

"Akina mama, tokeni, tunabomoa," msimamizi alisema mlangoni.

"Hapa ndipo tulipojifunza kuandika majina yetu," Mama akamjibu, akimpa kikombe. "Kunywa chai, baba, lakini sisi hatutoki."

Wanawake wakaanza kuimba. Msimamizi alikunywa polepole, akawatazama mmoja mmoja, kisha akamwashiria dereva ageuze tingatinga.

Mama alinishika mkono. "Twende nyumbani," akasema. "Kesho nina darasa."